Pigo Lililomezwa

Miaka thelathini na mbili alikaa kwenye meza ile ya kutengeneza redio, na bado wateja waliingia wakichungulia huku na huku na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye, bila kuinua macho, alijibu, "Unaongea naye." Wapo waliocheka wakidhani ni mzaha. Mmoja, bwana mzima na tai yake, alisema hana haraka, atamngoja fundi. Akavuta kiti. Alingoja tangu saa nane mpaka saa kumi, na muda wote huo yule mwanamke alikuwa ameifungua redio ya bwana mbele ya macho yake, anaiunga nyaya, anaifunga, anaijaribu. Redio ilipoanza kuimba, bwana akashtuka: "Kumbe fundi ameshakuja?"

Kwa hiyo msiseme alikuwa na hasira za bure. Hasira zake zilikuwa na sababu, tena zilikuwa na umri. Ufundi alifundishwa na kaka yake, na walikaa meza moja miaka kumi na miwili. Kaka alipofariki, jamaa walifanya kikao, wakaona chumba kikabidhiwe kwa mtu mwingine, maana mwanamke na umeme wapi na wapi. Hakubishana nao. Kesho yake alfajiri alifungua mlango, akafagia, akapasha moto chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na waliokuja kupima chumba walimkuta amepanga redio kumi na moja za watu mezani. Aliyetaka kumtoa alitakiwa kwanza akawaeleze wenye redio. Hakuna aliyejitolea.

Kaka aliacha binti wa miaka minne. Mtoto alilelewa palepale, chini ya meza, akichezea skrubu na spika zilizokufa. Kwa kuwa alimwita Shangazi, mtaa mzima ukamwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Binti alipokua alipata kazi kwenye duka la kutoa kopi, na kazi zikipungua alikaa kwenye kompyuta ya duka akikata na kuunganisha sauti alizorekodi kwa simu: mashine ya kopi ikimeza karatasi, kinu cha kusaga nafaka cha ng'ambo ya barabara, shutaa za maduka zikifunguliwa asubuhi. Shangazi alimwambia sauti hizo anazisikia bure kila siku, sasa za nini tena kuziweka kwenye kompyuta. Binti alicheka tu, akaendelea.

Mambo yalianza na kinanda cha umeme kilicholetwa na mwalimu wa kwaya. Kilikuwa bubu kabisa. Shangazi alikifungua akakuta kidude kimoja kimeungua, na cha aina hiyo hakikupatikana duka lolote. Akachomoa kinachofanana nacho kwenye redio mbovu, akakichomea mahali pake. Kinanda kikafufuka, ila sehemu yake ya ngoma, ile ambayo ukibonyeza kitufe inajipigia yenyewe, ikawa na kasoro. Kila mzunguko ulitakiwa kuwa na mapigo kumi na sita. Yakatoka kumi na tano. La mwisho kinanda kililimeza, na mzunguko mpya ukaanza kabla mguu haujatua.

Mwalimu wa kwaya alisikiliza mara mbili, akasema waimbaji wake wakiimba na kitu hicho wataangukiana, akamwachia akae nacho. Shangazi aliona haya. Hakuna kazi iliyowahi kutoka mikononi mwake ikichechemea. Alikuwa ameshashika bisibisi akirekebishe, ndipo binti wa kaka yake, aliyekuja kwa chakula cha mchana, alipopiga kelele.

"Shangazi, usiguse!"

"Hakijapona hiki."

"Ndiyo maana nakwambia usiguse. Kiwashe tena."

Binti alikuwa amesimama katikati ya chumba, mguu mmoja juu, akiwinda pigo. Lilipokosekana akaruka. Mzunguko wa pili akaruka tena, anacheka peke yake. Kinyozi wa chumba cha pili, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, akaja kuuliza kelele za nini. Mashine ya kunyolea ilikuwa ingali inanguruma mkononi, na mteja ameachwa kwenye kiti amenyolewa nusu kichwa. Binti akachukua maikrofoni iliyokuwa inangoja kutengenezwa, akaisogeza kwenye mashine ile. Spika ikatoa mngurumo mzito uliotikisa skrubu mezani. Watatu hao wakatazamana. Yule mteja naye akaja mlangoni na kitambaa chake shingoni, akaanza kucheza, na nywele zake zilibaki nusu mpaka jioni.

Hivyo ndivyo kundi lilivyozaliwa. Wakaliita Fyuzi, kwa sababu onyesho lao la kwanza, Jumamosi mchana kwenye uwanja wa kinu, walikata fyuzi mara tatu, na mara zote tatu Shangazi alibadilisha, akarudi kwenye vitufe, akaendelea alipoishia. Meza yao ilikuwa mlango wa zamani uliowekwa juu ya mapipa mawili. Nyaya alizitia alama kwa rangi ya kucha ili asichanganye. Binti alirusha sauti zake kutoka kwenye kompyuta, kinyozi alishika maikrofoni mkono mmoja na mashine ya kunyolea mkono wa pili, akichombeza na kutania kila aliyecheza vibaya.

Shangazi hakuwa mtu wa kupungia watu. Alipiga ameinama, miwani kwenye ncha ya pua, kama anatafuta ubovu. Kila kitu kilitoka palepale, kwa mikono. Akikosea, kosa lilisikika, na akilipenda alilirudia mpaka likawa wimbo. Watu walijifunza mapema lile pigo lisilokuja. Walihesabu kwa miili yao, wakainua mguu, wakaruka wote kwa pamoja, wakatua pamoja. Mtindo huo wakauita kumeza. Baada ya mwaka mmoja ulikuwa unachezwa harusini, kwenye viwanja vya shule, hata na wauza maduka walioapa kwamba muziki ule ni wa wahuni. Fyuzi wakahama kwenye uwanja wa kinu wakaingia ukumbini, ukumbi mmoja ukawa mdogo, wa pili nao ukawa mdogo.

Hapo ndipo akaja Promota. Kwanza aliwapeleka studio kurekodi, na wiki iliyofuata akarudi. Alikuwa na viatu vyeupe visivyojua vumbi na tangazo lililokwisha kuchapwa: Fyuzi, uwanja wa mpira, saa kumi alasiri. Kwenye tangazo kulikuwa na picha mbili, ya binti na ya kinyozi. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, yaliandikwa maneno "Fundi mitambo: Shangazi".

"Mama, mimi nakuheshimu sana," akaanza. Shangazi alijua kwamba mtu akianza hivyo, heshima iko mlangoni inavaa viatu.

"Sema."

"Pale ni watu elfu kumi. Siwezi kubahatisha na kinanda kilichofungwa kwa utepe. Mlirekodi kwa mtu wangu wa studio wiki iliyopita, basi muziki utatoka kwenye flashi. Hawa wawili wanakaa mbele, wanachangamsha. Mezani pako namweka dansa, mavazi ya kung'aa, awe anashikashika kinanda."

"Kinanda kipi?"

"Chochote tu. Hakitakuwa na waya."

"Na mimi?"

"Wewe si fundi? Fundi anakaa nyuma na mitambo yake."

Miaka thelathini na mbili alipigania aitwe fundi, na leo neno hilohilo linatumika kumsogeza nyuma ya pazia.

"Mimi napiga kwa mikono," akasema. "Ukitaka flashi, weka flashi. Lakini usiiite Fyuzi."

Promota akamgeukia binti. Binti aliangalia kucha zake, na kinyozi akajifanya anasafisha mashine yake ya kunyolea.

"Shangazi," binti akasema taratibu, "ni siku moja tu. Tukivuka hapo tumefika. Kaa nyuma siku moja tu."

Ilimuuma. Hakuna haja ya kulizungukazunguka: ilimuuma kuliko kile kikao cha jamaa, kwa sababu wale walikuwa wanamfukuza kwenye chumba, na huyu, ambaye yeye mwenyewe alimlea chini ya meza yake, alikuwa anamfukuza kwenye kitu walichokitengeneza pamoja. Na alijua fika kwamba akishakubali kuondolewa mezani mara moja, meza hiyo haitakuwa yake tena. Leo dansa, kesho mtu mwingine, keshokutwa watu watasahau kama alikuwepo.

"Nenda, sikuzuii," akamwambia. "Lakini mimi sibaki nyumbani, na wala siji kunyamaza. Nakuja na kinanda changu."

Siku ilipofika alikibeba kichwani, amekifunga kwenye kanga, kitambulisho cha fundi mitambo kikining'inia shingoni. Akakaa nyuma ya jukwaa juu ya sanduku la spika, kinanda mapajani, mwilini aproni yake ya kazi yenye matundu yaliyochomwa na matone ya risasi ya moto. Mbele yake kulikuwa na mashine mpya inayong'aa, na flashi imechomekwa ubavuni.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua, si Promota wala binti. Mtu wa studio, alipousikiliza muziki wao, aligundua kwamba kila mzunguko una pigo moja pungufu. Akadhani maskini wamekosea. Kwa wema wake wote akaketi akalirudisha, mzunguko kwa mzunguko, wimbo mzima, akaunyoosha ukanyooka. Wala hakumwambia mtu. Huenda alitaka iwe zawadi.

Muziki ukaanza. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Watu elfu kumi wakacheza, wakahesabu, wakainua mguu, wakaruka, na pigo likaja likawakuta hewani. Walitua juu ya vidole vya wenzao. Mzunguko wa kwanza wakacheka. Wa pili wakakanyagana tena. Wa tatu wakasimama, na kutoka nyuma ya uwanja sauti ikaanza, "Meza! Meza!" mpaka ikaufunika muziki wenyewe. Binti alibaki mikono juu, hajui aishushe wapi. Kinyozi alishika mashine ya kunyolea ambayo hata haikuwa imewashwa. Dansa peke yake aliendelea kutabasamu, vidole vikitembea kwenye kinanda kisicho na waya.

Promota akaja nyuma mbio, viatu vyeupe vimeshaingia matope.

"Mama, rekebisha! Mtambo umeharibika!"

Shangazi alitega sikio moja, bila haraka. "Mtambo wako ni mzima kabisa. Hiyo ndiyo shida yake."

"Watu wanazomea!"

"Nawasikia. Wanadai pigo lao."

"Sasa fanya kitu, wewe si ndiye fundi?"

"Ndiye. Na kazi yangu iko kule mbele." Akainuka na kinanda chake. "Chomoa hiyo flashi."

"Si uchomoe wewe!"

"Mimi? Sijawahi kuvuruga kazi ya mtu tangu nianze ufundi, na sianzi leo. Umeichomeka wewe, ichomoe wewe."

Chupa tupu ya maji ikatua jukwaani. Promota akaitazama chupa, akamtazama mama huyu na miwani yake, akisaga meno.

"Hutapanda tena jukwaa langu, nakuapia."

"Tumalize kwanza hili la leo."

Promota akaichomoa. Uwanja ukawa kimya ghafla, na katika kimya hicho Shangazi akatokea mbele, aproni na matundu yake, kinanda mikononi, hakupunga mkono wala hakuomba radhi. Mtu mmoja akamtambua, akaita, "Shangazi!" na jina likazunguka uwanja mzima. Dansa, msichana wa watu ambaye hakuwa na kosa lolote, alimpisha haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiondoke, nishikie waya hii."

Akaunga nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu. Kinyozi akawasha mashine yake bila kuambiwa, ikanguruma. Binti wa kaka yake akamsogelea, macho yamejaa machozi.

"Shangazi, nisamehe."

"Baadaye," Shangazi akasema, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe. "Shika kompyuta yako."

Alimsamehe, ila si siku ile, wala wiki ile. Siku ile alikuwa na hasira kifua kizima na hakuona sababu ya kuificha. Aliimimina yote kwenye vitufe, na watu elfu kumi wakainua mguu, wakaicheza.