Kuprinti Bila Skrini

Mwaka ule skrini ya laptopu yangu ilikufa. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Nikiiwasha feni inavuma, vibonye vinaitika, ila mbele yangu ni giza tu. Nilikuwa nakaa mtaa wa Kabiro, nikiwaandikia wapangaji wenzangu programu ya kuwatumia ujumbe kwenye simu wa kuwajulisha siku ambayo maji yanafunguliwa kwenye ploti yetu. Nilijikaza nikaongeza mistari michache bila kuona. Tangu hapo programu ikagoma, hakuna ujumbe uliofika.

Niliibeba laptopu kwa miguu hadi mtaa wa Olympic, kwa mama mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na kuprinti. Zamani alikuwa taipisti ofisini, na nilikuwa nikiprinti kwake tangu niko chuo. Kompyuta zake mbili zilikuwa na foleni ya watu wa kujaza fomu.

"Sasa, mama. Printa iko huru?"

"Iko. Lakini utaprinti nini na hiyo kitu haionyeshi?"

"Vidole vinajua njia."

Nikachomeka waya wa printa. Nikaandika amri ya kufungua faili, kisha ya kuichapa na rangi ambazo kompyuta huzipa sehemu zake: amri kwa bluu, maelezo yangu kwa kijani, maneno ya kutumiwa watu kwa nyekundu. Printa haikusogea. Nilikuwa nimekosea herufi mahali, na sikuwa na namna ya kujua ni wapi. Nikaanza upya, polepole. Safari hii ikakohoa, karatasi ikatoka.

Mama aliichukua kabla yangu, akavaa miwani. Hajawahi kuandika programu hata moja. Aliisoma kama alivyokuwa akisoma barua za wakubwa wake, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Huku juu rangi zinabadilika," akasema. "Halafu kuanzia hapa mpaka chini ni nyekundu tupu. Hii sentensi ya maji ulifungua alama ya usemi, hukuifunga."

Alikuwa sawa. Kompyuta ilidhani kila kilichofuata ni ujumbe.

"Sisi mataipisti, ukisahau hiyo, unarudia barua nzima," akasema, akicheka taratibu.

Nilihesabu mistari kwenye karatasi, nikaruka hadi mstari ule, nikafunga alama. Tukaprinti tena, na kila rangi ikakaa mahali pake. Nilipowasha programu, simu yangu ilitetemeka kwenye kaunta: maji ni kesho asubuhi, tayarisheni mitungi.

"Niweke na mimi," akasema.

"Mama, wewe unakaa Kisumu Ndogo. Maji ya kwetu yatakusaidia nini?"

"Maji yakija nitajua unafua, nisikungoje huku."

Nikamweka.

Wapangaji walianza kuitumia wiki hiyohiyo. Mimi nilikaa miezi kadhaa bila skrini, na kila Jumamosi nilipeleka kazi yangu Olympic. Yeye alinisogezea kiti, akavaa miwani, tukasoma pamoja.