Matuta Yamepandishwa, Mawimbi Bado

Jumatatu nilikwenda ofisi ya simu hapa Tabora mjini kurudisha laini iliyopotea. Mbele yangu alisimama mama mkulima kutoka upande wa Isikizya, viatu vimejaa tope.

"Juzi mkwe wangu kashikwa na uchungu, mvua inanyesha. Tumepiga simu kuita gari la wagonjwa, haitoki. Mjukuu wangu kazaliwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe!"

Mhudumu akajibu kwa upole, "Pole, mama. Minara yetu inapokezana mawimbi hewani, na mvua nzito huyadhoofisha. Siku hizi mvua zinashuka nzito mno. Ndiyo mabadiliko ya tabianchi."

Mama akainama, akaweka kiganja chini ya goti. "Zamani matuta yangu ya viazi yalifika hapa." Akakipandisha juu ya goti. "Hizo mvua zilipoanza kuyasomba, nikayapandisha hadi hapa, kwa jembe la mkono. Nyinyi mmebadilisha nini?"

Mhudumu akamsogezea fomu ya malalamiko. Mama hakuigusa. Alivuta kiti, akakaa, akaonyesha dirishani, wingu jeusi linakuja.

"Nasubiri inyeshe. Ikianza, utapiga simu kijijini kwangu wewe mwenyewe, mimi nikikuona."

Mvua zimebadilika, sibishi. Lakini mkulima hawezi kuiambia njaa kwamba ni tabianchi.

Zamu yangu ilifika, laini yangu ikarudishwa, sikuwa na shida tena pale. Nikavuta kiti, nikakaa kando ya mama.