Gari la Sebuleni

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kumiliki gari. Hata baiskeli aliyoachiwa na baba aliiacha ikashika kutu uani. Lakini mwanzoni mwa miaka ya sabini aliamua kutuwekea gari sebuleni.

Alikuwa amekwenda Nairobi kwa shughuli ambazo hakuna aliyezielewa. Huko, katika jumba moja la starehe, aliona mashine ya mchezo: unakaa kwenye kiti, unashika usukani, unakanyaga pedali, na barabara inakujia mbio nyuma ya kioo. Alirudi kwetu Gesima macho yamemtoka. Chai yake ilikomaa shambani ikawa haichumiki, naye yumo ndani akichora magurudumu ukutani kwa mkaa.

"Watu watatoka Kisii mjini kuja kuendesha hapa," aliniambia.

"Kuendesha kwenda wapi?"

"Wewe ni mwalimu wa watoto wadogo. Haya huwezi kuyaelewa."

Usukani aliutoa kwenye lori lililopinduka bondeni, na pedali ya breki pia. Breki aliifunga kipande cha mpira wa akala ili isugue gogo la kuviringisha barabara. Barabara yenyewe aliichora kwa rangi nyeusi, na migomba kandokando, juu ya kitambaa cheupe ambacho mkewe alikabidhiwa ashonee kwaya ya kanisa. Gari lilikuwa kipande cha bati kilichovutwa huku na huku na kamba iliyozungushwa kwenye nondo ya usukani. Kilichokosekana kilikuwa pedali ya mafuta, basi akachukua cherehani ya wifi yangu.

Cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha wote, hata yeye. Wifi aliletewa na babake alipoolewa, akaishonea nusu ya Gesima. Kaka alifungua kichwa cha cherehani, akakisukuma chini ya kitanda, akaiburuta miguu ya chuma hadi kwenye kabati la mbao alimofunga usukani na barabara yake. Ukikanyaga ubao wa chini, mkanda unazungusha gogo na barabara inasogea.

"Kichwa nimekuachia," alimwambia mkewe, kana kwamba amempa zawadi.

Wifi hakujibu. Alichukua kikapu akaenda kuchuma ile chai ngumu. Kuna wanaume ambao mke akinyamaza hudhani amekubali, na kaka yangu alikuwa mkubwa wao.

Jumapili aliwaalika majirani, wazee wa kanisa, na baba mkwe wake kutoka Birongo. Kwetu mtu na mkwewe huoneana haya. Tunaiita chinsoni, na hata kukaa mahali mkwe wako alipokaa ni mwiko. Kaka yangu alimkalisha mzee huyo kwenye kiti chake, akapiga magoti mbele ya watu wote, akamshika kifundo cha mguu.

"Baba, kanyaga! Kanyaga mafuta!"

Mzee alikanyaga, nadhani kwa mshtuko tu. Barabara ikarudi kinyumenyume. Akazungusha usukani kulia, kibati kikakimbilia kushoto na kukwama kwenye migomba.

"Ndivyo magari ya kisasa yalivyo," kaka alisema bila kupepesa jicho.

Mama yangu alijifunika uso kwa leso. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, akatoka nje akiendelea kukohoa hadi langoni. Baba mkwe aliutoa mguu wake taratibu mkononi mwa kaka. Akainama, akatazama chini ya kabati, kisha akamgeukia bintiye.

"Hii si cherehani yako?"

"Ni miguu yake, baba. Kichwa kiko chini ya kitanda."

"Kilete."

Wifi alikileta amekipakata kama mtoto. Kisha akachukua spana ya mumewe mwenyewe, akaanza kufungua. Kaka alimzunguka akipiga kelele.

"Mnaniharibia barabara! Ninyi watu wa Birongo mnaogopa maendeleo!"

Nilimshikia wifi upande mmoja wa ile miguu ya chuma, tukaitoa nje, na sikuwahi kubeba mzigo kwa moyo mweupe kiasi kile.

Alikwenda na babake siku hiyohiyo. Akaanza kushona kwenye baraza la duka sokoni Birongo, na nguo za kwaya akazishona huko kwa kitambaa kingine. Mvua za masika zilipokwisha, mama alikwenda kumwomba arudi. Alikubali, lakini cherehani ikabaki Birongo, na kila asubuhi, isipokuwa Sabato, alipanda mlima kwenda kazini.

Kaka hakumwomba radhi. Wageni wakija huwaonyesha lile kabati tupu na kusema nusura awe mtu maarufu, ila ukoo wa mkewe ulimwonea wivu. Wifi humimina chai, huweka birika chini, na kuwauliza wageni kama wangependa sukari zaidi.