Mlinzi na Mgeni wa Jikoni

Mlinzi anayeishi chumba cha pili hulinda mlango wa hoteli usiku, na mchana, badala ya kulala, hulinda jiko letu. Tunaishi watu tisa katika nyumba hii ya Discovery Gardens, huku ughaibuni, pamoja na panya aliyemaliza unga wa mahindi niliotumiwa na mama kutoka Vihiga. Basi mlinzi amebandika kamera mbili juu ya friji na kutega mtego wa waya wenye mkate uliopakwa siagi ya karanga. Hukaa kitandani na kofia ya kazi kichwani, simu mkononi, akinong'ona kila anapoona mkia: “Ameingia saa saba na dakika kumi. Hana haraka.” Kisha huandika daftarini na kupiga mstari kwa rula.

Leo mtego ulifyatuka. Tulikimbilia jikoni sote, mimi nikiwa na mwiko. Yeye alifika wa mwisho, akichomekea shati. “Khalas, basi, niachieni,” akasema, akaubeba mtego mbali na mwili wake kama trei ya chai. Tulishuka naye kwa lifti hadi mlango wa kioo wa jengo, akausukuma kwa bega na kuushikilia wazi. Akafungua mtego. Panya akatoka polepole. Mlinzi akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, na kwa sauti laini ambayo hatujawahi kuisikia nyumbani akasema, “Asante, sir. Karibu tena.”

Panya akageuka, akaingia. Mlinzi aliendelea kushikilia mlango mpaka mkia ukapita.