Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Babu

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaosoma huku wamepinda mdomo, funga ukurasa ukalale. Sikuandikii wewe. Shuleni niliishia darasa la pili, lakini nyumba tatu za matofali nimezijenga kwa mikono hii, na mtu anayejenga hana nafasi ya kubuni mazimwi. Haya yalinipata mimi, mchana, jua la utosi, barabara ya kutoka Tororo kuja Busia, miaka ile Uhuru ungali mpya.

Babu yangu alikuwa keya, askari wa Mwingereza. Aliwadanganya Wazungu umri wake, akajipunguzia miaka, akavalishwa kaptula, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Huko bomu lilimziba sikio la kushoto. Kwetu Dabani barua hazikufika. Mwaka ukapita, na wa pili, na mdogo wake, Wandera, akatangaza kwamba kaka amekufa. Nani alimwambia? Hakuna. Alikuwa ameyatolea macho mashamba ya kaka yake kule bondeni, basi.

Sasa, kwetu mtu akifia mbali na maiti isipatikane, hukatwa shina la mgomba, likaviringishwa blanketi, likaliliwa na kuzikwa kwa jina lake. Wandera akafanya hivyo. Watu wakalia, wakala, wakasema maneno matamu juu ya shimo, wakajifutia mikono nyasini wakaenda zao.

Vita vilipokwisha, Babu akaingia uani na begi mgongoni.

Jambo kama hilo lina dawa yake. Shina hufukuliwa na kondoo huchinjwa, ndipo aliyerudi anakuwa amerudi kweli. Je, lilifukuliwa? Thubutu! Wandera alimwonea uchungu kondoo wake. Alisema mtu si yuko hapa, anakula ugali, kaburi linamdhuru nani? Na Babu, ambaye Bama aliona watu wa kweli wakifukiwa bila hata blanketi, alicheka tu. Shina likabaki chini, nyuma ya ghala, miaka karibu ishirini.

Babu ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kila asubuhi aliniamsha kwa kupiga sufuria: "Simama wima, takataka wewe!" Hesabu alinifundisha kwa kuhesabu hatua. Alinifundisha kuziba pancha, na kunyoa ndevu bila kioo. Matusi yake yalikuwa mengi kuliko sala za padri. Siku niliyoanguka na baiskeli mtoni nikavunjika mguu, alinitukana kutoka mtoni hadi nyumbani, maili mbili, huku amenibeba mgongoni. Hakuwahi kuniambia neno tamu hata moja, na sikuwahi kulala na njaa hata siku moja.

Akafa kwa homa ya kifua, siku tatu tu. Kabla machozi hayajakauka, Wandera alikuwa ameshasimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Kaburi yake iko pale," akasema. "Mtu moja, kaburi moja. Fungueni hiyo hiyo, mmuweke juu ya mgomba. Kuchimba ingine ya nini?"

Alikuwa bado anamhurumia yule kondoo, jamani! Na wazee wote wakatikisa vichwa kama mijusi. Mimi nami, sitaficha, nilikubali kama bwege. Nikachukua baiskeli nikaenda Tororo kununua misumari ya sanduku na kitambaa cheupe.

Wakati wa kurudi, ule mlima wa mwamba wa Tororo ukiwa nyuma yangu, nikamkuta mwanamume amesimama kando ya njia, kaptula ya keya, soksi zimevutwa hadi magotini. Siku hizo nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli pale mpakani, abiria kwangu alikuwa abiria. Sikumtazama usoni.

"Nakwenda Dabani," akasema.

"Panda."

Mwanzoni sikusikia uzito wowote. Nikadhani ameshuka. Kisha akaanza kuwa mzito, mzito wa gogo lililolowa, na ubaridi ukanipenya mgongoni penye jua kali namna ile. Niamini, nilisikia pumzi zangu tu. Zake hazikuwapo.

"Mjukuu wangu mpenzi," akasema, "pole na safari."

Sauti ilikuwa ya Babu. Nikageuza shingo. Uso ulikuwa wa Babu pia, wa umri ule alioondoka nao kwenda vitani, ila laini, bila kovu, bila mkunjo hata mmoja.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mliyemlilia. Nilikuwa mpole. Sikugombana na mtu. Nilipendwa na wote."

Unayatambua maneno hayo? Ni yale yale yaliyosemwa juu ya shina! Wanawake wa kwetu walikuwa bado wanayarudia wakikumbuka matanga yale. Kitu kile hakikujua kingine chochote. Bama hakikuijua, mtoni hakikuniona.

"Nasikia mnaniletea mgeni," kikaendelea, kwa upole wa kutia kichefuchefu. "Mkimlaza kwangu, jina litabaki moja, langu. Yeye mtamsahau. Mtanikumbuka mimi."

Wewe ungefanya nini? Ungepiga mayowe, najua. Mimi nilikasirika. Babu yangu ameteseka duniani kote, halafu chakula cha ng'ombe kije kumnyang'anya jina?

"Kama wewe ni babu yangu," nikasema, "nitukane."

Nikaiyumbisha baiskeli makusudi, huku na huku.

"Nitukane! Tusi moja tu. Naendesha vibaya hivi, umenyamaza?"

"Mjukuu wangu mpenzi..."

"Mpenzi mamako! Mgomba wewe! Umelala bure kwenye blanketi la watu miaka ishirini, na hata kutukana hujui!"

Uzito ukatoka mara moja. Baiskeli ikaruka na mimi mpaka mtaroni. Nilipoinuka, barabara ilikuwa nyeupe, tupu, pande zote mbili. Kiti cha abiria kilikuwa kinachuruzika utomvu wa mgomba.

Nyumbani nilieleza yote. Wandera akacheka mpaka akashika tumbo. "Jua imekupiga kichwa, kijana! Mgomba inapanda baiskeli?"

Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya ghala, nikachimba mbele ya waombolezaji wote. Blanketi lilikuwa limebaki nyuzi. Lakini shina, jamani, shina lilikuwa jeupe, limelowa, kana kwamba limekatwa asubuhi ile. Wazee wa kutikisa vichwa walikuwa wa kwanza kukimbia. Wandera hakucheka tena. Nilimfungua kondoo wake mnono kuliko wote, nikamchinja pale pale.

Nikalikata lile shina vipande kwa panga, nikavianika juani. Kisha nikamchimbia Babu shimo lake mwenyewe, upande wa pili wa nyumba, na nikasimama juu yake nikasema ukweli: kwamba huyu alikuwa mgomvi, kiziwi nusu, alimtukana hata chifu, na alinibeba maili mbili. Watu walicheka, na baada ya kucheka wakalia, na kilio hicho kilikuwa chake.

Mpaka leo, hapa katikati ya mabega, ngozi yangu ni baridi na ina unyevu, hata wakati wa kiangazi. Daktari amepaka dawa akachoka. Mke wangu huniwekea kitambaa kikavu kila usiku, haulizi tena.

Basi shika hili, wewe unayejiona msomi. Usimlilie mtu ambaye hujaiona maiti yake. Na akifa kweli, mseme alivyokuwa, kwa maana sifa za uongo zikizikwa huota miguu. Wanangu nimeshawapa amri: siku yangu ikifika, atakayesimama kusema nilikuwa mpole, mshikeni mkono mumtoe nje ya boma.