Tegemezi wa Curtis

Arlys Bjorklund ameendesha basi la shule hapa Duluth miaka mingi, na mdomo wake una breki mbovu kuliko basi lenyewe. Mumewe alipofariki alikaa mwaka mzima bila kazi. Kisha akarudi kwenye usukani, na jioni akaanza kusomea shahada ya uzamili ya ushauri nasaha, somo moja kila muhula. Sisi madereva wenzake tulimtania kwamba atahitimu akiwa na mkongojo. Akasema mkongojo huo atatuchapia.

Angalau kwa hili serikali yetu ina akili: ukilipia hata somo moja la uzamili unapunguziwa kodi, na umri hauulizwi. Arlys aliitegemea nafuu hiyo ilipie somo la kiangazi, maana bila somo hilo asingepangiwa mafunzo ya vitendo.

Mwezi wa pili akatuma ritani yake, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, kwa kompyuta, ikarudishwa papo hapo. Kuna mtu alikuwa ameshamwandika kuwa tegemezi wake, na tegemezi hapewi nafuu ya masomo. Mimi nikadhani ni wezi wa mtandaoni. Arlys hakuhangaika kuwaza wezi. Ana mtoto mmoja, Curtis, anauza bima Minneapolis. Ule mwaka wa msiba Curtis alimtunza na kumwandika kwenye ritani yake apunguziwe kodi, kwa haki kabisa. Lakini kompyuta hukuletea majina ya mwaka jana na kukuuliza kama kuna mabadiliko, nawe unabonyeza hapana ukamalizie kahawa yako. Nusu ya nchi hii hufanya hivyo.

Jumapili Curtis akaja kula. Nami nilialikwa, nadhani ili nimzuie mama mtu asimrukie. Arlys akangoja mpaka kijana ajaze sahani viazi na nyama ya kuoka.

"Curtis, hebu niambie, mimi nakutegemea kwa nini?"

"Mama, si nilikutunza?"

"Ulinitunza, na Mungu akubariki. Sasa nina mshahara na nina mtihani Alhamisi. Nitoe."

Curtis akaanza visingizio: marekebisho yanasumbua, atadaiwa kodi kidogo, labda mwakani. Nikapandwa na hasira, nikamwambia mwakani mama yake atakuwa amekosa nafasi yake ya mafunzo kwa uvivu wa mwanawe. Akaweka uma chini.

"Si uvivu. Tangu Jill avunje ndoa yetu, fomu ikiuliza nina nani, jina ni lako tu, Mama. Nikikutoa nabaki peke yangu."

Nilijuta kufungua mdomo. Arlys akasukuma sahani yake pembeni.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila jioni uko darasani."

Darasani, anakofundishwa kusikiliza watu. Niliona neno hilo lilivyompata. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akasema, "Leo siko darasani." Curtis akaongea mpaka chakula kikapoa, mimi nikajifanya naosha vyombo.

Curtis alimtoa mama yake kwenye ritani siku hiyohiyo, pale mezani, na Arlys akatuma ya kwake upya. Somo la kiangazi alilipata. Ila chuoni walipompangia vipindi vya Jumatano jioni aliwakatalia, akawaambia Jumatano ana mtu wa kumsikiliza.