Mama Alipojiona Kwenye Filamu

Mama yangu alikuwa mwitikiaji wa mwimbaji mmoja aliyesifika pwani nzima. Kabla sijaanza shule, walikwenda ng'ambo kumtumbuiza mtawala ambaye wanamuziki wengine walikataa mwaliko wake, kwa kuwa alikuwa akiwaua watu wake mwenyewe. Waliporudi, mwimbaji yule alizomewa uwanja wa ndege. Mama alitoka nyuma yake, kajifunika leso. Sikumsikia akiimba tena, hata jikoni.

Mwaka jana ilitoka filamu kuhusu ziara hiyo. Ikaonyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja Changamwe, nasi tukatoka Miritini kwenda kuitazama. Ni mimi niliyemshurutisha. Nilidhani atafurahi kuuona ujana wake.

Alionekana mara mbili. Mara ya pili kamera ilimsogelea: gauni la kijani, mdomo wazi, macho chini.

"Mama, si wewe yule?"

"Ndimi," akasema.

Kisha akaonyeshwa mwimbaji, mzee sasa, kaketi sebuleni kwake. Akasema kwamba kule hawakujua lolote; lau wangalijua, wasingaliimba. Ukumbi ukampigia makofi. Mama akainuka.

"Twende zetu."

Tulikaa nje, kwenye baraza ya duka lililofungwa. "Alijua," mama akasema. "Nilimwambia mimi."

Akanihadithia habari za mwanamke aliyekuwa akisafisha vyumba kule hotelini walikofikia. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, alimweleza mama kwamba askari walimchukua kaka yake, na zilizorudi nyumbani ni nguo tu. Akamsihi wasiimbe. Mama akampelekea mwimbaji habari hizo, akamkuta anajipodoa.

"Akaniambia, 'Nimesikia. Haya, kavae.'"

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikavaa."

Niliwaka. Nikasema nitawaandikia waliotengeneza filamu, wajue ukweli. Mama akanitazama kwa uchovu.

"Utawaambia mamako alijua, akaimba?"

Sikuandika. Wala hatukulizungumza tena, mpaka asubuhi moja nilipomkuta uani akichambua mchicha, machozi yanamtiririka. Nikachutama kando yake.

"Kesho yake, baada ya kuimba, aliingia chumbani mwangu, yule mwanamke wa hotelini," akasema. "Akanitandikia kitanda vizuri, akakunja na nguo zangu. Nilimwamkia, mwanangu. Hakuniitikia."